Kiboya

Fundi Gualtiero kaniandikia bei nyuma ya risiti ya mkate:
yuro elfu moja na mia nne, kazi ya mikono mbali.
Akaisogeza mezani kama mtu anayetupa karata mbaya,
kisha akaenda kunawa, ingawa mikono yake
haitakati tena, weusi umekwisha kuwa ngozi.

Paa langu nalo lina bei yake.
Mfereji wa upande wa kaskazini umelegea,
na Novemba hapa Biella haibishi hodi.

Lancia ya mwaka sitini na saba, nyekundu,
imepauka ubavu mmoja, ule unaotazama dirisha.
Nililinunua mwenyewe nikiwa na miaka ishirini na miwili,
noti juu ya noti, mshahara wa kiwanda cha sufu.
Mama akauliza: na mashuka ya harusi je?
Nikamjibu: nitalala garini.

Sasa likifika kona ya tatu ya kupanda Oropa
linakohoa, linabugia petroli lisiyoihitaji,
linatema moshi mweusi, halafu kimya.
Kimya kile nakijua: ni cha sebuleni
mgeni akishasema neno lisilosemwa.
Nikashuka. Wakapita waendesha baiskeli,
mmoja akanipungia mkono kwa huruma, mshenzi yule.

Piera, mdogo wangu, anasema uza,
yuko daktari wa meno Zurich, pesa anazo mkononi.
Mwanawe Tazio anasema, mama mkubwa, tung'oe injini,
tutie mota ya umeme, halitakusumbua tena.
Halitanisumbua.
Na asubuhi nitakwenda bandani kufanya nini?

Sijidanganyi. Goti la kushoto linalalamika kwenye klachi.
Mwaka jana nimeliendesha mara nne,
mara mbili nikarudi nimevutwa kwa kamba.

Lakini miaka thelathini na minane nilikuwa natafuta kasoro
katika vitambaa vya suti za watu nisiowajua.
Unafumba macho, unatembeza vidole,
uzi uliokatika unajitaja wenyewe.
Unashika sindano, unaufuma upya,
na mwenye suti hajui hata siku moja
kwamba kuna mtu kapita begani pake.

Basi jana usiku nikaifungua kabureta ya pili
(ya kwanza haina neno)
juu ya gazeti, kwa bisibisi ya cherehani,
skrubu nikizipanga kwenye trei ya mayai
kwa jinsi zilivyotoka.
Nikakitoa kiboya: cha shaba, chepesi,
kidogo kuliko kiazi.
Kazi yake moja tu, kuelea.
Petroli ikitosha, kinainuka, kinasukuma sindano, mlango unafungwa.
Nikakitikisa sikioni.

Ndani kulikuwa na petroli.
Matone matano labda, yakicheza.
Kumbe kilikuwa kinazama, maskini,
na kadiri kilivyozama mlango ulibaki wazi,
gari zima likalewa
kwa sababu ya kitu kisichojua kwamba kimetoboka.

Gualtiero hakulisikia hilo?
Au alisikia, na vidole vinamtetemeka,
hataki nivione vikishika kitu kidogo hivi.
Sitamuuliza.

Nimechemsha maji kwenye sufuria ya maziwa,
nimezima jiko, nimekizamisha kwa mgongo wa kijiko.
Simu inalia, ni Piera, iache ilie.
Nje mvua inaujaribu mfereji.
Hakuna kitu. Hakuna kitu.
Halafu kando ya mshono, sipo kabisa nilipodhani,
kiputo, saizi ya kichwa cha pini,
na kingine nyuma yake.

Bado sijaamua.
Ila nimeweka ukucha palepale, maji yananiunguza,
na siwezi kuuondoa
mpaka nipate kalamu ya kutia alama,
na kalamu iko chumba cha pili.