Herufi Kumi

Siku ya kwanza nilikizamisha kijiji changu.
Nilisoma namba kwenye kidude cha setelaiti,
arobaini na moja nukta nne, sabini na sita nukta moja,
nikaziingiza kama zilivyokuja,
latitudo kwenye kiti cha longitudo,
na mfereji wetu wote, na malango yake kumi na mawili,
ukaenda kukaa kwenye bahari ya barafu
ambako hata mbuzi hana la kutafuna.

Tilek, mwalimu wetu, mtoto wa juzi,
masikio mekundu kwa baridi ya Naryn, hakucheka.
"Eje," akaniita, kwa heshima ya dada mkubwa,
"x hutembea, y hupanda."
Nikaandika kiganjani: x hutembea, y hupanda.
Miaka ishirini na sita nimeshika daftari la fedha za shule,
sijapoteza som hata moja,
leo nimepoteza bonde zima.

Kuuliza si ujinga, ndiyo.
Lakini kuuliza mara ya tisa mbele ya wapwa zako
kuna ladha ya sabuni.

Jumatano, tabaka.
Nikachora mashamba, kijani kibichi, kwa fahari,
na malango yakatoweka.
Nikayasaka kama asakaye miwani iliyo usoni.
Yalikuwa chini ya mashamba, yamelala.
Kumbe dunia humu ndani
ni kama magodoro ya wageni tuliyoyarundika ukutani:
unalolitaka liko chini, daima.
Nikavuta. Nukta nyekundu zikaibuka, moja moja,
kama surua.

Ijumaa tukaleta ramani ya zamani ya shamba la ushirika,
karatasi yenye harufu ya moshi wa makaa na panya.
Ukitaka kuilaza juu ya nchi ya leo, alisema Tilek,
ipigilie pini nne.
Chagua visivyohama.

Hapo nikakaa sana.
Mto umehama. Daraja limehama, mara mbili.
Shule ilipelekwa ng'ambo baada ya mwaka ule wa tope.
Nikapata jiwe la mpaka, nikapata kinu,
nikapata mahali mifereji miwili inapoagana,
na ya nne, kona ya makaburi.
Kosa lililobaki: mita kumi na nne.
"Inatosha," akasema Tilek.
Kwa mfereji, inatosha.

Kisha nikaifanya karatasi ionekane nusu, kama pazia,
na chini ya mawe, mawe matupu ya picha ya juzi,
kikapenya kijimraba cheusi.
Jiko lilikuwa upande wa mashariki.
Sikumwambia mtu.
Nikabonyeza, nukta moja, pale.

Jedwali likauliza: Jina?

Tunaandika kwa Kilatini, maana herufi zetu
mashine huzigeuza alama za kuulizia.
Na siku ya kwanza, nikitengeneza safu ya majina,
nilikuwa nimejaribu langu, Gulbarchyn, herufi kumi,
nikaandika urefu: kumi.
Nani angehitaji zaidi?

Kudaibergen, nikaandika.
Mashine ikaweka Kudaiberge.

Kaka yangu, aliyetoka na tochi usiku wa tope
kwenda kufunga maji ya watu wengine,
amekatwa tena, safari hii n moja tu,
na nilikuwa mimi niliyeupima mlango.

Safu haipanuki, akasema Tilek. Hutengenezwa mpya.
Nikatengeneza. Hamsini.
Nikayahamisha majina yote kwa mkono,
hadi giza likaingia na mlinzi akatikisa funguo.
N ikapata pa kukaa.
Nikahifadhi, nikahifadhi tena,
kama mtu anayejaribu kitasa alichokwisha kufunga.

Jumatatu kamati ya maji ikaizunguka ramani mezani.
Asanbai akaweka kidole, ukucha una grisi:
"Hii ya huku juu, penye mawe, ni lango gani?"
La kumi na tatu, nikasema.
Halitoi maji. Liache.