Tiketi Kumi za Fundi Bomba

Bi Hilkka hakuwa na fedha taslimu.
Januari, hapa Oulu, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
nilimfufulia boila ya ukumbi wake.
Akanilipa nusu. Nusu ya pili
ikawa tiketi kumi, zimebanwa kwa klipu.
"Kaangalie chochote," akasema.
Nikaangalia chochote.

Ile ya kutisha: nyumba kuukuu,
bomba linatapika damu,
watu ukumbini wanapiga mayowe,
mimi nimekodolea macho kiungo.
Kimefungwa kinyume!
Kingevuja hata maji matupu.
Nyumba ile haikuhitaji padri.

Ya mapenzi, basi. Wanakutana mvuani,
wanagombana mvuani, wanarudiana
mvua ileile, na hakuna aliyepiga chafya.
Lakini pale msichana alipokunja barua
akaisukuma chini ya sahani, bila neno,
nikainama ghafla kutafuta glavu sakafuni.
Glavu zilikuwa mikononi.

Ya magari: magari yalikwenda.

Kwenye ile ya anga za juu nilimchukua jirani, Tauno.
Saa mbili na dakika arobaini mtu anaelea,
hasemi, hali, hafiki.
Tauno alikoroma kutoka sayari ya kwanza mpaka ya mwisho,
kisha ndani ya basi akatangaza
hajaona filamu nzuri kama hii tangu talaka yake.
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Muda wote ule," akasema, "hakuna aliyeniuliza kitu."

Katuni nilikwenda na Venla, mjukuu, miaka sita.
Kalunguyeye kapoteza kiatu, mbwamwitu anamwinda,
nyimbo nyingi mno kwa kiatu kimoja.
Nikamuuliza, mbwamwitu alikuogopesha?
Akanitazama kama mtu anayetazama bomba la plastiki.
"Yule alikuwa na njaa tu, babu.
Mbaya ni yule aliyefunga ghala."
Wiki nzima nafunga na kufungua spana
nikimfikiria mwenye ghala,
ambaye hata uso hawakumwonyesha.

Ya vita sikuimaliza. Msidhani ilikuwa mbovu.
Mzee mmoja, mstari wa mbele, aliinuka
kabla ya daraja kulipuliwa,
nami miguu ikamfuata.
Tukasimama karibu na mashine ya bisi
tukisikia mizinga kupitia mlango.
Akanunua pakiti moja, akaielekeza kwangu.
Tulikula hadi taa zikawaka.

Ya vichekesho nilicheka mpaka mbavu zikadai fidia.
Nyumbani Aune akauliza, kilichekesha nini?
Nikasimulia. Kimya.
Nikasimulia tena, kwa mikono,
mara hii akacheka, akaicheka mikono.

Sasa hii ya juzi, haina rangi, haina muziki,
mimi na Bi Hilkka peke yetu ukumbini.
Mama anaosha vyombo dakika kumi na moja.
Mfereji unadondosha. To. To.
Mwanawe anaaga, anaondoka. To.
Barua inakuja, haifunguliwi. To.
Nikapandwa na hasira, nikasema kwa sauti:
mpira wa senti hamsini, na kazi imekwisha!
Bi Hilkka, bila kugeuka, akajibu,
"Halafu abaki na nini humo ndani?"

Nilirudi kwa miguu, theluji ikilia chini ya buti.
Usiku nikasikia jikoni kwetu: to, to.
Miaka miwili sasa. Mganga hajigangi, watu hunitania,
na Aune hajawahi kunihimiza.
Nilishika spana. Nikaiweka chini.

Imebaki tiketi moja, iko juu ya friji.
Ila nikiwa pale mstari wa sita
nilisikia boila ya Hilkka, chini kabisa,
ikikohoa kikohozi chake cha zamani.
Sijamwambia.
Nasubiri nione wiki ijayo wanaleta filamu gani.