Chupa ya Dirishani

Vishikwambi kumi na vinne, watoto sabini na mmoja,
darasa la tatu, Bahi, ng'ambo ya reli.
Piga hesabu mwenyewe uone
ni vichwa vingapi juu ya kioo kimoja,
nani kashika, nani anachungulia kwapani.

Siku za mwanzo nilitumia mdomo: basi, zimeni, imetosha.
Mdomo wangu ukawa upepo wa Julai,
unavuma, unatimua vumbi, hakuna anayegeuka.

Ndipo nikatoboa chupa kwa sindano ya magunia,
kifuniko tundu moja, kitako tundu moja,
nikaitundika dirishani, shingo chini,
juu ya pingili ya mzabibu niliyopewa na mkwe wangu wa Hombolo.
Tone. Tone. Chupa ikikauka, vioo vinazimwa.
Maji hayabembelezwi.

Wakazoea. Hata Sechelela, anayelia akinyang'anywa chaki,
jicho moja kwenye namba, jicho moja chupani,
kama mpishi na chungu cha mlenda.
Wakishazima tunatoka nje
kuchora saba mchangani kwa kijiti,
saba kubwa, ya kuruka kwa miguu miwili.

Jumatano moja dakika zilinenepa.
Nilisahihisha rundo zima la madaftari,
treni ya mizigo ikaja, ikapita, hakuna aliyehesabu mabehewa.
Kimya. Kimya cha nyumba iliyohamwa.
Nikatazama chupa: imejaa.
Bablishi, imetafunwa ikalainika,
imebandikwa palepale kwenye tundu,
na juu yake alama ya jino la Ndahani,
lile lililovunjika kwenye mpira.

Sikumchapa. Nilimwambia aguse udongo.
Akazamisha kidole mpaka kifundo. Mkavu.
Akabandua bablishi, akaifuta kwenye kaptula,
akairudisha mdomoni.
Maji yakaendelea pale yalipoishia.

"Mwalimu," akasema, akitafuna,
"kwani wewe nyumbani una chupa?"

Nikamwambia akakae.

Usiku ule, chandarua kimeshushwa, taa imezimwa,
kidole gumba changu kikipandisha watu nisiowajua,
harusi, ugomvi, mapishi, harusi,
mpaka jogoo wa mama Chibago akawika mara ya kwanza,
akawika ya pili.
Nikageuka upande wa dirisha langu.
Hapakuwa na kitu kinachodondoka.