Samaki wa Kumi na Saba

"Eleza, kwa maneno yasiyozidi mia tano,
kazi moja ya sanaa iliyokubadilisha."
Ndivyo ilivyosema fomu ya chuo,
na kile kijiti cha kuandikia kikapepesa kwenye skrini
kama mtu anayengoja kulipwa.

Nilianza kwa uongo.
Niliandika juu ya picha nisiyowahi kuiona,
ya mtu aliyekufa zamani, katika jumba la nchi ya baridi,
nikasema ilinitoa machozi.
Mbaruk wa saiba, hapo Mwembe Tayari,
akasoma begani mwangu bila kuombwa:
"Machozi ya nani haya? Wewe hata ulipoibiwa simu hukulia."
Nikafuta. Shilingi moja kwa dakika,
hata zile za kufuta.

Ndipo nikawakumbuka samaki.

Nilikuwa na miaka saba, mguu wa kulia
umetundikwa kwa kamba na kifuko cha mchanga,
wodi ya watoto, kitanda cha dirishani.
Nilianguka kutoka darini kwetu Majengo
nikifukuza tiara iliyokatika.
Wiki sita chali.
Kwa aliyelala chali ukuta si kitu;
dunia yake ni dari,
na mtu mmoja alilijua hilo.
Mtu mmoja alipanda ngazi na makopo ya rangi iliyobaki,
buluu ya milango, kijani cha madawati,
nyekundu ya mitungi ya zimamoto,
akachora juu ya vichwa vyetu
changu, tafi, pono, kolekole,
ngisi aliyepinda kuufuata waya wa umeme,
na pale maji yalipovuja yakaacha doa la hudhurungi
hakulificha: alilitia mkia,
likawa taa.

Kumi na sita walikuwa na macho.
Wa kumi na saba, juu yangu hasa, hakuwa nalo.
Rangi ilimwishia? Aliitwa kazi nyingine?
Usiku, maumivu yalipoamka kabla ya Sista Kadzo,
nilimtilia jicho mwenyewe, leo hapa, kesho pale,
siku nyingine likimtazama mama
aliyesinzia kwenye kiti cha plastiki,
buibui limefunika viatu.

Fomu yataka: Jina la msanii. Mwaka.
Mahali kazi inapohifadhiwa.
Jumanne nikaenda kuuliza.
Mlinzi akasema ni fundi bomba, Mduruma, mrefu.
Mfagiaji akasema hapana, ni mgonjwa
aliyelipa deni la dawa kwa brashi.
Ofisini wakaniambia hakuna faili la samaki.
Na wodini, nilipoinua kichwa,
mbao mpya nyeupe, mraba kwa mraba,
na taa mpya
zisizo na mkia.

Nilisimama kati ya vitanda, shingo nyuma,
hadi mtoto mwenye plasta mkononi akauliza
naangalia nini.
Nikamwambia. Naye akaangalia.

Usiku huo umeme ulipotea mtaa mzima.
Niliandika kwa simu, chaji asilimia kumi na moja.
Mama akageuka kitandani:
"Hulali? Wawaandikia nini hao watu?"
"Samaki wa hospitali."
Kimya. Halafu, kama aliyeulizwa bei
ya kitu alichokiuza zamani:
"Yule asokuwa na jito?
Nami nalikuwa nikimtia. Ukishalala."

Maneno mia tano na thelathini.
Nikaondoa "adhimu." Nikaondoa "kwa hakika kabisa."
Nikaondoa "tangu utotoni ndoto yangu imekuwa,"
na bado yalizidi,
nikaondoa sifa zangu zote za shuleni.
Penye jina la msanii: Sijui.
Penye mahali: nikaandika jina la mama, na langu.

Asubuhi Mbaruk akasoma tena, begani, bila kuombwa.
"Hapa mwisho hujamaliza sentensi."
"Najua."
"Watadhani umesahau."
Nikabofya.
Akanidai shilingi arubaini,
kisha akabaki ametazama juu kitambo,
kwenye dari ya saiba yake,
penye feni mbovu na doa la maji.