Amsterdam, Februari

Elkana, barua yako imefika leo.
Lakiri ilivunjwa, ikabandikwa upya;
yuko mwingine hapa ajuaye
kuwa ng'ombe wako kazaa pacha.

Waulizia mkopo. Bado nabisha hodi
kwa matajiri wa mfereji, kofia mkononi.
Hunipa kahawa, jibini, na njoo kesho.
Jamhuri yetu huitamka polepole,
kama jina la maradhi.

Viatu vya Tabitha nimenunua,
vyekundu, nimepima kwa ule uzi
uliouviringisha ndani ya barua.

Uliandika Oktoba: kikohozi chake si kitu.
Leo ni Februari.
Bandari imeganda, hakuna meli itokayo wala iingiayo.
Nimeandika "msalimie", nikafuta, nikaandika tena.
Uzi ungali mfukoni,
mfupi kama nilivyoupokea.