Gramu Ishirini

Kazini hatumezi.
Tunafyonza kwa kelele, kama watu wasio na adabu,
tunaizungusha ulimini, tunatema kwenye ndoo,
tunaandika: kali. Ina moshi. Imechoka.
Vikombe hamsini kabla ya saa nne,
na koo langu halijui hata kimoja.

Jana nilirudi na gramu ishirini ndani ya bahasha,
majani marefu, meusi, yamejisokota kama uzi wa fundi viatu.
Chai ya Rungwe, ile isiyofika dukani,
hupita Dar kama mgeni wa kulala usiku mmoja.

Maji ya kisima hapa Tabata yana chumvi.
Ukiyatumia chai hununa,
huota utando juu kama jicho la mgonjwa.
Nikanunua ya chupa kwa Mangi,
nikayaepua yakianza kunong'ona, kabla hayajagombana.
Dakika tatu, si zaidi.
Umeme ukakatika kwenye ya pili,
feni ikakata roho taratibu;
iliyobaki nikaihesabu kimoyomoyo.

Shangazi Atupele akatazama kikombe, akanitazama mimi.
"Hii umeipika au umeiosha?"

Amechuma miaka ishirini na sita,
majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi,
weusi haujatoka kwenye mikunjo ya vidole.
Nyumbani kwake walikunywa vumbi la pakiti,
lililochemka na maziwa mpaka likasahau kwao.

Onja kwanza bila sukari, nikamwambia.
Akanivumilia, kama unavyomvumilia mtoto
aliyekoroga uji wake wa kwanza.

Kisha akafunua birika, akayanusa majani yaliyolowa.
Kimya. Jenereta la jirani likakohoa, likashika.
"Hii ya bondeni," akasema, "kule mtoni.
Imechumwa siku jua lilipotoka, baada ya wiki nzima ya mvua.
Asubuhi ile vidole huganda,
unachuma hujui kama umeshika jani au kidole chako."

Mchana, kwenye daftari la kazi, nilikuwa nimeandika:
nyepesi, ua kwa mbali, asali kidogo mwishoni.
Sikuandika vidole.

Nikainua changu. Mdomo, kwa mazoea, ukatafuta ndoo.
Nikameza.
Ikashuka polepole, ikipita mahali
ambapo miaka yote hii hapakuwa na mtu.

"Haya," akasema Shangazi, "sasa lete tangawizi."

Nikatwanga.