Vyombo vya Msiba

Matanga yaliisha Jumanne.
Turubai likakunjwa, viti vikahesabiwa,
shangazi zangu wakapanda basi la Tukuyu
na mvua ya mwisho ya Mei ikabaki uani, haina pa kwenda.
Jikoni vilibaki vyombo kumi na saba
visivyo vyetu,
na mimi.

Sijui kupika wali wa mtu mmoja.
Mkono wenyewe unapima vikombe viwili,
changu na cha mama.
Sahani yake ikipoa naisogeza,
naila pia, nimesimama, taa imezimwa,
kijiko kikigonga bati polepole
kama ninamwibia mtu.
Si njaa. Njaa naijua:
njaa hubisha hodi.
Hii ina ufunguo wake.

Juni ikaja na ile baridi ya Mbeya
inayokufanya uongee na jiko la mkaa.
Viazi, chapati, maharage ya jana,
karanga kwa kiganja, kisha kwa bakuli.
Mimi ni fundi cherehani. Nimepima viuno vya nusu ya Iyela.
Futi kamba hulala shingoni mwangu mchana kutwa
na hatujawahi kuzungumza.
Gauni jeusi la msiba nililifumua ubavuni mara mbili,
nikaacha kitambaa kwa ajili ya mara ya tatu.

Tabibu wa zahanati, kijana mdogo, akasema fanya mazoezi.
Alisema kama mtu anayesema funga dirisha.
Nikanunua raba. Nikaziweka kando ya kitanda.
Wiki tatu zikanitazama.

Kilichonitoa nje si raba.
Ni Lwitiko, mjukuu wa watu, mlangoni, kamasi puani:
“Bibi anaomba dishi lake. Jumapili tuna ubarikio.”
Nikaligeuza. Chini, kwa rangi ya kucha: A.M. ITIJI.
Itiji ni kupanda.
Na chombo hakirudi kitupu, hiyo ni sheria ya mama,
nikatia maparachichi matatu, nikajitwika.
Mara nne nilisimama
nikijifanya naangalia Loleza, nayo imejaa ukungu,
haionekani hata bega.
Moyo ulikuwa unashona bila uzi.

Bibi Asumwisye akanipa kiti, akanipa magimbi,
akanipa mama nisiyemjua:
kwenye kwaya alikuwa akiimba sauti ya tatu kwa makusudi,
ili asimame karibu na mlango,
mahubiri yakirefuka atoke.
Tulicheka hadi Lwitiko akaja kuchungulia.
Nilikula magimbi mawili. Nimekaa. Kwenye mwanga.
Nilikuwa nimesahau kwamba gimbi lina ladha.

Kesho yake sufuria la Ilemi.
Keshokutwa beseni la Mabatini, na miguu inauma
mahali ambapo sikujua nina miguu.
Sikwenda kila siku, nisidanganye.
Alhamisi moja nilikuta kilemba chake nyuma ya kabati,
bado kina harufu ya moshi na mafuta ya mgando,
nikamaliza sinia zima la maandazi,
makombo kifuani, machozi juu ya makombo.
Ijumaa nilipeleka chombo cha Alhamisi.

Agosti inaisha. Kimebaki kimoja,
sufuria dogo, kitako cheusi, halina herufi.
Nimelifikisha Ghana, nimelifikisha Sinde.
Wanaligeuza, wanagonga kwa kidole:
si letu, jaribu kwa akina Mwambene, kule juu zaidi.
Siku hizi hata njia ya mkato naipita kando.

Leo asubuhi nililipima, hivi hivi tu,
kabla sijalifunga kwenye kanga.
Linaingia mchele kikombe kimoja.
Sijalipikia. Ni la watu.
Nimekaza kamba za raba, nimefunga mlango.
Nikifika juu nitauliza tena.